Mahali pa Kuwapeleka Watoto Kucheza

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanachama waanzilishi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Temeke, Dar es Salaam)



 Waliotangulia wamezungumza mambo mazito. Mweka Hazina ametusomea hesabu za miaka kumi, hisa tulizoanza nazo na hisa tulizo nazo sasa, mikopo iliyorudi yenyewe na ile iliyorudishwa kwa mbinde, na sote tumepiga vigelegele. Mimi nimeambiwa nizungumzie mahali pazuri pa kuwapeleka watoto wadogo kucheza siku ya mapumziko. Nimewaona baadhi yenu mkitazamana. Eti, kikundi cha kuweka na kukopa na bembea, wapi na wapi?

Jibu langu ni hili. Katika mkutano mkuu wa mwezi ujao mtapiga kura kama Mfuko wa Jamii ugharimie tena Siku ya Watoto, ile safari tuliyoifanya kila Idi kuanzia mwaka 2017, ikakatika mwaka 2019. Wanachama wapya mmesikia sababu ya kukatika kwake kwa minong'ono, na kila mnong'onaji ametia chumvi yake. Afadhali mwisikie kwangu, kwa kuwa mahali pale nilipachagua mimi.

Ilikuwa Idi Pili, mwezi wa Juni mwaka 2019. Tuliamua kwenda pwani, upande wa Kigamboni. Mimi nilikuwa nimewahi kufika pale mara moja tu, jioni, katika harusi ya mpwa wangu. Nilipaona pana upepo, pana banda la makuti, mchanga mweupe, nikasema hapa hapa. Nikaja kwenye kikao nikapasifia, mkanipigia makofi. Sikurudi kupatazama. Tulikwenda akina mama 14 na watoto 37, kwa daladala mbili za kukodi. Tulipita kwenye pantoni kwa makusudi, maana kwa mtoto wa Temeke pantoni yenyewe ni nusu ya matembezi.

Tulifika kwenye saa tano. Maji yalikuwa yametoka mbali sana, mchanga umeachwa wazi hadi kwenye fungu lililoinuka kule mbele, na watoto walipoliona fungu lile wakalikimbilia kama kuku waliofunguliwa bandani. Sisi tukasema, haya, maji yako mbali, hakuna hatari. Tukakoka moto. Tulikuwa tumebeba masufuria matatu, mchele, nyama, viungo, na kuni zetu wenyewe. Tukapika pilau.

Jamani, siku zote nimesema na leo narudia: lile pilau ndilo lililotuangusha. Akina mama 14 na sufuria tatu. Huyu anapepeta, huyu anakatakata kachumbari, huyu anapalia makaa, huyu anasema chumvi haijakolea. Nani anatazama watoto? Kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Ilipofika saa tisa tukawaita waje kula, na kwa bahati nzuri mwenzetu mmoja, muuza vitumbua, ambaye kuhesabu ndiyo kazi yake tangu alfajiri, akawahesabu. Walikuwa 35.

Wawili walikuwa bado kwenye fungu. Mmoja miaka sita, mwingine mitano. Walikuwa wanachimba, wala hawakujua kwamba maji yameshazunguka nyuma yao. Kati ya fungu na ufuko pana bonde, na bonde hujaa kwanza. Mama mmoja aliingia, maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani, na mkondo ukaanza kumsukuma. Akapiga ukelele. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameketi anashona wavu, aliuona mtumbwi wake kabla hata ya kumaliza kutusikia. Akausukuma, akawafuata, akawaleta. Fungu lilikuwa limebaki kama mkeka. Watoto wenyewe hata hawakulia, mpaka walipoona sisi tunalia.

Hakufa mtu. Lakini wenzetu watatu walijitoa kikundini mwezi uleule, na mmoja wao, mama wa yule wa miaka mitano, alirudi mwaka 2022 na leo ameketi safu ya pili. Ameniruhusu kuyasema haya. Mwaka 2020 ikaingia korona, tukapata kisingizio kizuri cha kutozungumza tena habari ya safari.

Yule mzee mvuvi hakutaka hela. Alitaka kutugombeza, na alitugombeza barabara. Alisema: nyinyi ni watu wa pwani, hamjui kuwa leo ni bamvua? Nilinyamaza, kwa sababu babu yangu alikuwa mvuvi, na mimi neno bamvua nalijua tangu utoto, ila nilikuwa nimelisahau katika harakati za mjini. Basi nalirudisha kwenu leo, hasa kwa vijana.

Idi inafuata mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama, na vilevile ukiwa mpevu, ndipo maji ya bahari hutoka mbali kuliko siku nyingine na kurudi kwa wingi kuliko siku nyingine. Hilo ndilo bamvua. Kwa hiyo kila Idi el Fitri inaangukia kwenye bamvua, haikosi. Hapa kwetu siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa kabisa alasiri, saa kumi na kuendelea. Na kila siku inayopita yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Yaani yamekupwa wakati tunapofika, na yanajaa wakati tumeshiba na tunasinzia. Tena hayajai kwa mwendo mmoja. Yanachukua kama saa sita, lakini saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi. Kati ya kupwa na kujaa siku ya bamvua ni zaidi ya mita 3, na nusu ya hizo hupanda katika saa mbili hizo tu. Mita moja na nusu kwa saa mbili! Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa mita moja na kidogo. Pigeni hesabu wenyewe.

Sisemi tusiende pwani. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, bahari haitoki mbali wala hairudi kwa kishindo, na siku hizo mtoto anaweza kucheza kwenye mchanga wa juu na mama akapumua. Lakini basi siku ichaguliwe kwa kutazama mwezi, na muulize wavuvi wa palepale, maana wao wanajua mabonde na mafungu yaliko. Na Idi tuiache pwani, twende kwingine.

Kwingine wapi? Hapo ndipo nilipoanza kazi niliyojipa mwenyewe. Tangu 2019, kila nikipata Jumamosi ya wazi, nimekuwa nikimchukua mjukuu wangu tukaenda kukagua mahali. Yeye anacheza, mimi natazama. Nimejifunza kwamba mahali pa watoto hapatazamwi kwa rangi zilizopakwa getini. Swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: nikikaa chini mahali pamoja, nawaona watoto wote? Ikiwa lazima nisimame, nizunguke nyumba, nichungulie nyuma ya ukuta, basi hata kama kuna bembea kumi, hapo si pa watoto wadogo. Swali la pili: mtoto akikimbia bila kutazama, na mtoto wa miaka minne hukimbia bila kutazama, atafikia wapi? Barabarani? Mtaroni? Majini? Au kwenye uzio?

Nitataja mahali, mnivumilie, kila mtu ana jicho lake.

Coco Beach kule Oysterbay tunaipenda sote. Mihogo ya kukaanga, madafu, mishikaki, upepo. Kwa vijana na kwa watu wazima, hamna neno. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu, mbele yake bahari na miamba, nyuma yake barabara na magari, katikati watu wengi wasiomjua. Pale mtoto mdogo huenda akiwa ameshikwa mkono, na mtoto aliyeshikwa mkono hachezi. Nendeni wawili watatu na familia, jioni. Msiende 37.

Mwembe Yanga hapa kwetu Temeke ni uwanja wa watu wote, na watoto wetu wakubwa wanasukuma mpira pale. Ila kivuli ni haba, na mtoto mdogo akiingia kati ya wachezaji mpira huchotwa pamoja na vumbi. Kidongo Chekundu, vile viwanja vya michezo vilivyofunguliwa mwaka 2015, ni mahali pa kujivunia, lakini navyo ni vya vijana wenye mpira wao. Mtoto wa chekechea atasimama pembeni anatazama.

Mahali palipoushangaza moyo wangu ni Makumbusho ya Kijiji, kwenye barabara ya Bagamoyo. Wengi tunalijua jina la Makumbusho kwa sababu ya kituo cha daladala, na hatujawahi kuingia ndani. Mle zimejengwa nyumba za jadi za makabila yetu mbalimbali, za udongo, za nyasi, nyingine unaingia kwa kuinama. Hakuna bembea mahali hapo, na mimi nilidhani mjukuu atachoka baada ya robo saa. Alikaa siku nzima! Nyumba zile wao wamezigeuza za mchezo wa baba na mama. Wanainama, wanaingia, wanatokea kwingine. Pana miti, pana kivuli, pana uzio, na hilo la uzio kwangu ni kubwa kuliko bembea. Mwishoni mwa wiki mara nyingi hupigwa ngoma. Na bibi aliyekwenda nao anakuwa na la kusema, kwa sababu ataiona nyumba ya kwao. Mimi niliiona ya kwetu nikajikuta nahadithia mpaka watoto wa watu nisiowajua wakasogea. Ubaya wake ni mmoja: ukitaka kucheza kombolela, nyumba zile ni maficho mazuri mno, kwa hiyo lazima mama wengi wagawane maeneo.

Mjini, karibu na Makumbusho ya Taifa, iko ile bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1893. Miti yake ni ya miaka, kivuli cha kweli kweli, na tausi wanatembea. Kwa watoto wachache ni pazuri sana. Na wakichoka, hapo jirani kwenye Makumbusho ya Taifa yapo magari ya zamani aliyotumia Mwalimu, na watoto wa kiume hawatoki hapo.

Kuhusu yale maputo makubwa ya kurukia na bembea za kulipia zinazowekwa sikukuu, sizipingi, watoto wanazipenda. Ila natoa tahadhari mbili. Kwanza, kila mchezo na tiketi yake. Mtoto wa mwanachama mmoja ana elfu kumi ya Idi kwenye kipochi, mtoto wa mwingine ana mia tano. Yule atapanda mara kumi, huyu atasimama pale kwenye kamba. Sisi kikundini tumekula kiapo kwamba mwenye hisa moja na mwenye hisa tano wana sauti sawa kwenye kikao. Basi tusiwapeleke watoto wao mahali ambapo tofauti hiyo itawachapa machoni. Ama twende pa bure, ama kikundi kilipie wote kwa mkupuo. Pili, kwenye lile puto wasichanganywe wakubwa na wadogo. Jitu la miaka kumi na mbili likitua, kitoto cha miaka mitatu kinarushwa kama chapati.

Sasa nije kwenye vyuma vyenyewe, maana nilipokuwa nikikagua nimeona mambo. Mtoto kuumia sana uwanjani, mara nyingi ni kwa kuanguka, na kinachoumiza si kule alikotoka bali kile alichoangukia. Wenye viwanja vingine wanatandaza sementi chini ya bembea ili paonekane safi. Usafi gani huo? Chini ya bembea na chini ya ngazi panatakiwa mchanga laini, na usiwe wa kunyunyiza. Mimi nakwenda na rula ya shule, ile ya sentimita 30. Ikizama yote kwenye mchanga, naridhika. Ikigonga pagumu kwenye sentimita tano, naondoka na mjukuu wangu. Mlinzi mmoja aliniuliza, mama, unatafuta hazina? Nikamwambia, ndiyo, ninaye hapa mkononi.

Kile chuma cha kutelezea, kiguseni kwa mgongo wa mkono kabla mtoto hajapanda. Saa saba mchana chuma kile ni kikaango. Na akina mama, msimpakate mtoto mkateleza naye mkidhani mnamlinda. Mguu wake ukinasa pembeni, uzito wako ndio utakaouvunja; akiwa peke yake angesimama tu. Kama hawezi kuteleza mwenyewe, basi bado hajafika umri.

Tazameni nafasi kati ya chuma na chuma, kwenye ngazi na kwenye vizuizi vya juu. Ikizidi sentimita 9 na isifike 23, huo ni mtego: miguu inapita, kiwiliwili kinapita, kichwa kinabaki. Kwa asiye na rula, apitishe ngumi. Ngumi ikipita na kichwa cha mtoto hakipiti, hapo hapafai.

Na lile la nguo. Sikukuu tunawapamba. Mtandio, mkufu, kofia yenye kamba, na hicho kipochi cha hela za Idi kinachovaliwa shingoni. Kamba ikinasa juu ya mtelezo, mtoto anashuka na kamba haishuki. Kabla hajapanda, vitu vyote vya shingoni vivuliwe, akae navyo mama. Nafahamu watalia kuhusu kipochi. Walie.

Choo na maji sitavizungumza kirefu, kila mama anajua. Nasema tu: ingieni chooni wenyewe kabla ya kulipa, msiamini maneno ya aliyeketi getini. Kivuli kiwe cha mwembe, mkungu, mwarobaini. Kivuli cha mnazi ni cha kupigia picha, kwa sababu nazi haipigi hodi.

Mwenzetu mmoja, mnamfahamu, mtoto wake hutembelea kiti cha magurudumu. Katika safari zetu zote tatu alibaki nyumbani na bibi yake, na hakuna aliyeuliza. Ule mwaka wa Kigamboni tulishukuru kwamba hakuja. Nimekuja kufikiri baadaye, tulishukuru vibaya. Mchangani kiti hakiendi, ni kweli, lakini mchanga tuliuchagua sisi. Mahali panapofuata nimepapitia nikiwa na mama yake, tukasukuma kiti kutoka getini hadi kwenye miti. Kinapita, isipokuwa mahali pamoja penye ngazi mbili, na ngazi mbili watu wawili wanazimaliza.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nina jambo moja kubwa bado.

Siku ya Watoto ni siku moja. Mwaka una siku nyingine 364, na siku hizo watoto wetu wanacheza wapi? Wanacheza njiani, kati ya bodaboda na bajaji. Mtaani kwetu tulikuwa na maeneo ya wazi, wazee mnayakumbuka. Moja likawa gereji, moja likawekwa makontena, moja tuliamka asubuhi tukakuta lina msingi wa nyumba. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba tulikuwa tunapita na ndoo zetu, tukitazama. Sasa limebaki lile moja lenye miembe miwili, na nimesikia, kama mlivyosikia, kwamba lipo lililosemwa kuhusu maegesho.

Viongozi wetu wa serikali ya mtaa mpo hapa na nimefurahi mpo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 cha mkataba ule kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki hiyo inahitaji ardhi ya kusimamia. Tunaomba kiwanja kile kiandikwe kwenye kumbukumbu za mtaa kuwa ni cha watoto, kwa barua yenye muhuri, na nakala ikae kwenye sanduku letu. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, halijawahi kufunguliwa kinyemela kwa miaka kumi. Barua itakaa salama.

Na sisi tufanye sehemu yetu, ambayo haina gharama kubwa. Mchanga lori moja, usambazwe chini ya mwembe mkubwa. Matairi makuukuu ya bembea, na fundi mmoja kati ya hao waume zetu atoe siku yake kuyafunga kwa minyororo. Kila tairi litobolewe chini ili maji yasituame, kwa sababu maji ya kwenye tairi ndiyo makazi ya mbu wa homa ya dengu, na dengu tumeiona hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Upande wa barabara upandwe michongoma, au ikipatikana hela, uzio wa waya. Ngazi na mitelezo iachwe kwanza. Watoto wakipewa mchanga, kivuli na kamba, rede, mdako na kuruka kamba vitajileta vyenyewe. Mnaouza vitumbua, mihogo na maji ya baridi mnaweza kukaa pembezoni, mkauza na mkatazama. Biashara na ulinzi kwa pamoja. Nimezungumza na baadhi yenu, mmekubali, msijifanye leo hamnijui.

Kuna waliosema, na wana haki ya kusema, kwamba Mfuko wa Jamii ni wa misiba na maradhi, na wa hela ya kuanzia tena mtu akiunguliwa na banda lake. Sibishi. Mimi mwenyewe mfuko ule ulinizikia mume. Ninachoomba si fungu lote. Naomba kila mwanachama aongeze shilingi mia mbili kila kikao kwa miezi kumi na miwili, ziandikwe kwenye ukurasa wake peke yake, zisichanganywe na nyingine. Zikitosha, tunakwenda. Zisipotosha, tunafanyia hapa hapa chini ya miembe.

Na tukienda, safari iwe na masharti, nami nayasoma ili yaingie kwenye kumbukumbu. Chakula kipikwe nyumbani usiku, kiende kwenye mahotipoti. Asionekane mtu na sufuria. Kila mama awe na watoto watano wake wa siku hiyo, awajue kwa majina na kwa nguo, wawe wa kwake au wa mwenzake. Kuhesabu kila baada ya nusu saa, kwa sauti. Kuondoka saa mbili asubuhi, kurudi kabla ya saa kumi, kwa sababu daladala za jioni ya sikukuu sote tunazijua. Watoto wavae kitambaa cha rangi moja mkononi. Na mahali pakaguliwe na watu watatu, si mmoja, siku ya sikukuu au Jumapili, wakati pamejaa watu, si jioni ya harusi.

Ukaguzi wa kwanza ni Jumapili ijayo, Makumbusho ya Kijiji. Tunakwenda mimi, yule mwenzetu muuza vitumbua, na mama mwenye mtoto wa kiti, pamoja na mtoto mwenyewe, maana yeye ndiye mkaguzi mkuu. Mama wa safu ya pili nilimwomba aje naye. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema atanijibu. Jana usiku aliniletea ujumbe akiuliza tunakutana kituoni saa ngapi. Saa mbili na nusu, mwenzangu. Rula ninayo mimi.